Damu isiyoganda: Swali la kuuliza kabla ya tohara

Maradhi mengi hubisha hodi kabla ya kuingia. Malaria huja na homa, kifua kikuu huja na kikohozi, na mzazi mwangalifu hupata muda wa kumkimbiza mtoto kwa daktari. Lakini yako maradhi yanayokaa kimya mwilini, pengine yasionyeshe dalili yoyote ya kutisha mpaka siku mtoto anapojikata, anapong'olewa jino, au anapopashwa tohara. Hapo ndipo familia hushtuka, na mara nyingi muda wa kutenda huwa umeshapungua sana.

Katika makala haya tutajifunza juu ya maradhi hayo ya damu yaitwayo himofilia. Ni maradhi haba, na kwa sababu hiyo wengi wetu hatujapata kuyasikia. Uhaba wake ndio hatari yake kubwa. Mtoto haponzwi na ukosefu wa dawa peke yake, bali pia na ukosefu wa mtu pale kando yake anayelijua jina la ugonjwa wake.

Mfano wa Korbesa

Msomaji, tuchukue mfano. Korbesa ni makazi ya wafugaji wa Kiborana katika eneo la Merti, kaunti ya Isiolo. Kutoka pande hizo za Merti hadi mjini Isiolo ni safari ya zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ya njia haina lami.

Tuseme wavulana kadhaa wametahiriwa asubuhi. Kufikia jioni vidonda vya wenzake vimekauka, lakini mmoja bado anatokwa na damu. Haimwagiki kwa kasi. Inachuruzika tu, tone baada ya tone, wala haikomi. Kitambaa kinabadilishwa mara ya tatu, mara ya nne. Mmoja anashauri majivu, mwingine anashauri majani. Usiku unaingia. Pembeni watu wananong'ona: labda kisu hakikuwa safi, labda ni jicho baya. Mama wa mtoto yuko kimya, kwa kuwa anakumbuka jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Kaka yake mwenyewe alifariki akiwa mdogo kwa namna hiyo hiyo.

Wakati huo simu inapigwa kwa jamaa aliye Isiolo mjini, au Nairobi. Huenda jamaa huyo ni wewe unayesoma gazeti hili. Je, utawaambia wafanye nini?

Himofilia ni nini?

Mtu mwenye afya anapojikata, mwili huanza kazi mara moja. Kwanza mshipa uliokatika hujibana. Pili, chembe ndogo za damu zinazoitwa chembe sahani hukimbilia pale penye tundu na kuliziba kwa muda. Tatu, protini maalumu zilizomo ndani ya damu huamshana moja baada ya nyingine mpaka utando imara unafumwa juu ya jeraha. Protini hizo ndizo wataalamu wanaziita fakta za kugandisha damu, nazo hutambulishwa kwa namba.

Wanaojua visima virefu vya Waborana wataelewa upesi. Vijana husimama kwa ngazi kutoka chini majini hadi juu kwenye birika, kila mmoja akipokea ndoo na kumrushia mwenziwe wa juu. Akikosekana mmoja katikati, wa chini watachota na wa juu watangoja, lakini maji hayatafika kwa ng'ombe. Ndivyo ilivyo kwa himofilia. Mgonjwa anazo fakta nyingine zote isipokuwa moja. Akikosa fakta ya nane, ana himofilia ya aina ya A. Akikosa fakta ya tisa, ana himofilia ya aina ya B, ambayo ni haba zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa wa himofilia akichanjwa kidogo tu damu humwagika kama bomba lililopasuka. Sivyo. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya mwenziwe. Hutoka kwa muda mrefu zaidi. Mkwaruzo mdogo kwa kawaida haumdhuru. Hatari iko kwenye majeraha makubwa, upasuaji, na zaidi ya yote damu inayovuja ndani kwa ndani, mahali ambapo jicho halioni.

Ukali wa maradhi hutegemea kiasi cha fakta alicho nacho mtu. Mwenye chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida ana himofilia kali, na anaweza kuvuja damu ndani ya viungo bila hata kujigonga. Mwenye asilimia 1 hadi 5 ana ya wastani. Aliyezidi asilimia 5 lakini hakufikia 40 ana hafifu, na huenda asijijue mpaka siku ya kung'olewa jino au kufanyiwa upasuaji.

Dalili za kuangalia

Katika himofilia kali, dalili huanza kuonekana mtoto anapoanza kutambaa na kusimama. Wazazi wanatakiwa waangalie haya:

- vilia vikubwa vya damu mwilini bila sababu ya maana, hasa magotini, kifuani na makalioni;
- damu ya mdomoni isiyokoma mtoto anapojiuma ulimi au anapoota meno;
- uvimbe mgumu na wenye maumivu mahali alipodungwa sindano;
- goti, kifundo cha mguu au kiwiko kinachovimba, kinachopata joto na kukataa kukunjuka;
- damu inayokoma kisha ikaanza upya baada ya saa chache au siku ya pili.

Hiyo dalili ya viungo ndiyo inayoharibu maisha ya wengi. Damu ikivuja mara kwa mara ndani ya goti hula gegedu, yaani ule utelezi unaokinga mifupa isisuguane. Baada ya miaka michache kijana huanza kuchechemea, kisha goti hukakamaa kabisa. Wapo waliohesabiwa kuwa walemavu wa polio au wagonjwa wa baridi yabisi, kumbe ilikuwa ni damu.

Mama hana kosa

Himofilia haiambukizwi kwa kugusana, kula pamoja wala kulala pamoja. Mtoto huzaliwa nayo. Maagizo ya kutengeneza fakta ya nane na ya tisa yamo katika kromosomu iitwayo X. Mwanamke ana X mbili, hivyo moja ikiwa na kasoro ile nyingine humsaidia. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikiwa hiyo ndiyo yenye kasoro, hana akiba.

Kwa hiyo mama anayebeba kasoro hii huenda akawa mzima kabisa, lakini katika kila mimba ya mtoto wa kiume pana nusu ya uwezekano kwamba mtoto atazaliwa na maradhi. Kila binti naye ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji kama mama yake. Baba mwenye himofilia hawarithishi wanawe wa kiume hata mmoja, kwa kuwa huwapa Y, bali binti zake wote huwa wabebaji. Ndiyo maana maradhi haya yanaweza kuruka kizazi, yakatoka kwa babu yakaenda kwa mjukuu kupitia kwa binti ambaye hajaugua maishani mwake.

Hapa tuseme wazi. Wako akina mama waliolaumiwa, hata wakaachwa, kwa kuwa watoto wao wa kiume wanakufa kwa damu. Hakuna mwanamke anayechagua kromosomu ya kumpa mwanawe. Tena takriban theluthi moja ya wagonjwa hutoka katika familia ambazo hazijawahi kuwa na maradhi haya; kasoro huanza kwao. Kumlaumu mama hakuponyi mtoto. Kumuuliza habari za kaka zake na wajomba zake kunaweza kumponya.

Haba, lakini yapo

Himofilia ya aina ya A humpata takriban mtoto 1 wa kiume katika kila 5,000 wanaozaliwa, na haibagui taifa wala kabila. Hebu tupige hesabu ya kukisia. Sensa ya mwaka 2019 iliwakuta watu 268,002 katika kaunti ya Isiolo. Tukichukua nusu kuwa wanaume, tunapata takriban 134,000. Tukigawa kwa 5,000, tunapata wavulana na wanaume 26 au 27 ambao kwa kawaida ya maumbile tungetazamia wawe wamezaliwa na aina ya A peke yake. Hesabu hii si orodha ya wagonjwa waliopimwa. Inatuonyesha tu kwamba neno "haba" halina maana ya "hakuna".

Tohara iliwafunza watu wa kale

Binadamu aliyajua maradhi haya kabla hajayapa jina, na tohara ndiyo iliyomfunza. Yapata karne ya pili baada ya Kristo, wanazuoni wa Kiyahudi walikwisha kuamua kwamba mama aliyefiwa na wana wawili kwa sababu ya tohara asilazimishwe kumtahiri wa tatu. Kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, tabibu mkubwa wa Kiislamu wa Andalusia, Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliandika juu ya kijiji ambacho wanaume wake walipojeruhiwa walitokwa na damu mpaka wakafa. Hawakuwa na hadubini wala maabara. Walikuwa na kumbukumbu za familia, na walizisikiliza.

Kijana aliyeyatangaza

Katika zama zetu, mgonjwa wa himofilia aliyejulikana kuliko wote alikuwa mvulana wa Kimarekani, Ryan White. Alizaliwa Kokomo, katika jimbo la Indiana, Desemba 6, 1971. Kama yule mtoto wa mfano wetu, siri yake ilifichuliwa na tohara. Alikuwa na umri wa siku tatu tu, na damu ilikataa kukoma. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa hospitalini. Walimpima, wakajua, wakamtibu.

Tangu hapo Ryan alidungwa mara kwa mara fakta ya nane iliyotengenezwa kwa damu za watu wengi waliojitolea. Dawa hiyo ilimwezesha kuishi, lakini wakati huo haikuwa ikisafishwa vya kutosha. Desemba 1984, akiwa na umri wa miaka 13, alipatikana na Ukimwi kutokana na dawa hiyo. Waganga walimkadiria miezi sita ya kuishi.

Mwaka 1985 shule yake ilimkataa. Ikabidi asikilize masomo kwa simu akiwa nyumbani. Alikuwa akisambaza magazeti majumbani, na baadhi ya wateja waliacha kununua kwa kuogopa kwamba karatasi ingewaambukiza. Mahakama ilipomrudisha darasani mwaka 1986, wazazi wengine waliwatoa watoto wao. Risasi ilipigwa ikapenya dirisha la nyumba yao. Mwaka 1987 familia ilihamia mji mdogo wa Cicero katika jimbo hilo hilo. Huko shule iliwafundisha wanafunzi kwanza juu ya ugonjwa huo, kabla Ryan hajafika. Siku ya kwanza alipokelewa kwa kupeanwa mkono.

Tofauti kati ya Kokomo na Cicero ilikuwa elimu. Ryan alilielewa hilo, akatumia miaka aliyobakiwa nayo kusema. Alizungumza shuleni na kwenye televisheni, na mwaka 1988 alitoa ushahidi mbele ya tume ya rais kuhusu Ukimwi. Alifariki Aprili 8, 1990, akiwa na miaka 18. Agosti mwaka huo huo Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake ya kugharamia matunzo ya wagonjwa wa Ukimwi wasio na uwezo.

Je, dawa ya fakta bado ni ya kuogopwa? La. Tangu katikati ya miaka ya themanini fakta inayotokana na damu huchemshwa au kusafishwa kwa njia nyingine ili kuua virusi, na tangu mwaka 1992 imekuwapo fakta ya nane inayotengenezwa maabara.

Hapa kwetu

Nchini Kenya pia, sauti zilitoka kwa waliochomwa na ugonjwa wenyewe. Maureen Miruka alimpoteza mwanawe mdogo, Jose, kwa himofilia. Badala ya kuuzika msiba pamoja na mtoto, alianzisha chama chenye jina la mwanawe kwa ajili ya kuwatafuta wagonjwa wengine, kuwafundisha wazazi na kuwaunganisha na hospitali. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret zina kliniki za himofilia.

Shirikisho la Dunia la Himofilia nalo lilianzishwa na mgonjwa, Frank Schnabel wa Montreal, Canada, mwaka 1963. Siku yake ya kuzaliwa, Aprili 17, ndiyo inayoadhimishwa kuwa Siku ya Himofilia Duniani tangu mwaka 1989. Shirikisho hilo hutoa dawa za msaada kwa nchi ambazo wagonjwa wake hawawezi kumudu bei, kwa maana fakta ni ghali mno.

Kadhalika, tangu mwaka 2017 imeruhusiwa Marekani dawa iitwayo emisizumabu, ya himofilia ya aina ya A, inayodungwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki au hata mara moja kwa wiki nne. Haimwondolei mtu maradhi, lakini humkinga. Ni rahisi kuona faida yake kwa mtoto anayeishi mbali na hospitali na ambaye mishipa yake ni migumu kupatikana.

La kufanya kabla ya tohara

Kabla ya kisu, mzazi, ngariba au muuguzi aulize swali hili moja: je, katika ukoo wa mama, yuko mvulana aliyetokwa na damu kwa muda mrefu au aliyefariki kwa damu? Waulizwe kaka za mama, wana wa dada zake, na wajomba zake. Mama na bibi ndio wenye majibu, hivyo waulizwe wao wenyewe, tena kwa upole. Aidha aulizwe mtoto mwenyewe: amewahi kuvimba goti, au kutokwa na damu ya jino usiku kucha?

Jibu likiwa ndiyo, tohara iahirishwe mpaka mtoto apimwe damu. Kuahirisha kwa ajili ya uhai si kuikataa sunna wala mila. Mgonjwa wa himofilia anaweza kutahiriwa hospitalini baada ya kupewa fakta, chini ya uangalizi wa daktari.

Damu ikishaanza kutoka

- Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, bila kukifunua kila mara kutazama.
- Kiungo kilichovimba kipumzishwe, kiinuliwe na kuwekwa kitu cha baridi. Kisikandwe kwa maji moto, kisichuliwe, na kisichanjwe wala kuchomwa kwa chuma. Kila chanjo ni tundu jingine la damu.
- Usimpe aspirini wala aibuprofeni, kwani huzidisha kutoka damu. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha.
- Asidungwe sindano ya msuli mpaka daktari ajue hali yake. Chanjo za watoto zisiachwe, bali muuguzi aarifiwe, atumie sindano nyembamba, kisha pakandamizwe kwa dakika 10.
- Akigonga kichwa, au akiumwa na kichwa sana na kutapika, apelekwe hospitali mara moja hata kama hakuna jeraha linaloonekana.
- Safari isingoje asubuhi. Pasipo fakta, hospitali yenye benki ya damu inaweza kumwongezea plazma, yaani maji ya damu yaliyogandishwa, ambayo yana fakta ndani yake.

Msichana naye asisahauliwe. Mbebaji wa himofilia anaweza kutoka damu nyingi ya mwezi au baada ya kujifungua, na yako maradhi mengine ya damu kutoganda yanayowapata wanawake sawa na wanaume. Naye apimwe.

Sasa turudi kwenye ile simu ya usiku kutoka Korbesa. Waambie wakandamize jeraha, wasimpe aspirini, watafute gari usiku huo huo, na watangulize habari hospitalini. Kisha omba uzungumze na mama wa mtoto, umuulize juu ya kaka yake. Akishajibu, mwambie neno alitaje kwa daktari wa kwanza atakayemwona: himofilia. Daktari anayelisikia neno hilo mapema atajua kipimo cha kuagiza, naye mtoto atakuwa ameokolewa saa nyingi za kukisia.

Wala usingoje simu hiyo. Ikiwa kwenu kuna sherehe ya tohara inayoandaliwa likizo hii, piga wewe leo, uulize lile swali.